Saruji Nyepesi kwa Visima vya Jotoardhi

Tangu mwaka 1981, mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha umeme kule Olkaria, Naivasha, Wakenya tunajivunia mvuke wetu, na tuna haki. Leo naomba tuizungumzie saruji inayojazwa kati ya bomba la chuma na mwamba.

Visima vya Olkaria hufika hata mita 3,000, na huko chini joto huweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la mita 1,000 likiongezewa joto la nyuzi 200, lingekuwa huru lingerefuka zaidi ya mita mbili. Saruji ndiyo inayolishika. Ikiacha pengo, maji yakanaswa kati ya bomba moja na jingine lililo ndani yake, kisima kikishika moto maji hayo hutanuka, hayana pa kutokea, na hulibonyeza bomba la ndani mpaka liharibike.

Pengo lenyewe halina ugumu kutokea. Lita moja ya rojo la kawaida la saruji ya visima ina kilo 1.9 hivi. Likisimama mita 1,000, hukandamiza kila sentimita mraba ya mwamba kwa kilo 190, karibu maradufu ya maji. Mwamba wa volkano wa Bonde la Ufa una nyufa tele. Rojo, linalosukumwa chini ndani ya bomba ili lipande nje yake, hupotelea humo, na wachimbaji wanaolingoja mdomoni mwa kisima hawalioni likitokea.

Njia ya mkato ya kulipunguzia rojo uzito ni kuongeza maji. Naipinga kabisa: saruji ya namna hiyo ikiganda hujaa vitundu, haina nguvu, na gesi huipenya. Afadhali povu la naitrojeni, au vijitufe vyenye uwazi ndani vinavyopatikana katika majivu ya makaa ya mawe. Ukivitia majini huelea. Kwa njia hizi rojo laweza kushuka hadi kilo 1.3 kwa lita. Ila povu husinyaa kadiri kina kinavyoongezeka, na vijitufe hupasuka shinikizo likizidi, kwa hiyo kila kisima kina hesabu yake.

Kisha kuna joto. Saruji ya Portland ikipita nyuzi 110 hivi huanza kudhoofika. Unga wa silika, asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa saruji, huizuia isidhoofike, lakini hauikingi na kaboni dioksidi iliyomo kisimani. Kwa ajili ya gesi hiyo, watafiti wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walibuni saruji ya fosfati ya kalsiamu, nayo mwaka 1997 ikatumika katika visima vya Sumatra, Indonesia.

Ombi langu kwa chuo kikuu chetu ni chombo cha kugandishia sampuli kwa joto na shinikizo la kisimani, ndani ya maji na gesi ya Olkaria yenyewe, kwa miezi mingi. Sampuli iliyoganda ndani ya ndoo kwenye kivuli cha karakana haituelezi lolote kuhusu mita 1,000 chini ya ardhi.