Dhamiri Yetu na Mtoto wa Jirani

Wazazi huuliza: ikiwa mtu aweza kukataa chanjo kwa ajili ya dini, je, jirani yake asiye na dini, ila moyo wake hauikubali, naye aachiliwe?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, haiwatenganishi. Dhamiri, dini, fikira, imani na maoni vimetajwa pamoja. Basi sisi Wakristo hatuna mlango wetu peke yetu. Huko Marekani, jimbo la California lilikuwa na milango yote miwili, wa dini na wa dhamiri. Surua ilipozuka, likaifunga yote kwa sheria ya mwaka 2015.

Lakini tusome mbele, hata kifungu cha 53. Hapo mtoto ana haki ya kutibiwa, na faida yake hutangulia. Chanjo ya surua huanza kwa miezi 9. Mtoto wa miezi 6, ambaye mama yake anapanda ngazi ile ile tunayopanda sisi, anawategemea waliochanjwa. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama ya sanamu hakukana uhuru wao. Aliwauliza habari za ndugu aliye dhaifu.

Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu tu (wala hatumcheki). Mwaka 1977 akawa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na miaka mingi baadaye akawaendea wazazi waliokataa chanjo ya polio, akawasimulia habari zake.