Nani Apewe Nafasi, na Mpaka Lini



Tarehe 18 Oktoba 1961, ikiwa imebaki chini ya miezi miwili Tanganyika ijitawale, wabunge walikutana Dar es Salaam kujadili muswada wa uraia. Serikali ya chama cha TANU ilipendekeza kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa hapa hapa, awe raia bila kutazamwa rangi yake. Wengine walioishi nchini kwa muda wa kutosha waruhusiwe kuomba. Wakasimama baadhi ya wabunge, tena wa upande wa TANU hiyo hiyo, wakapinga. Hawakuona sababu ya Mhindi na Mzungu kuingia katika nchi huru kwa mlango mmoja na Mwafrika aliyedharauliwa kwao miaka yote ile.

Julius Nyerere, Waziri Mkuu wakati huo, alijibu kwa ukali. Aliwaambia kwamba wakiifanya rangi ya ngozi kuwa kipimo cha uraia watakuwa wameshika njia ya Hitler na ya makaburu wa Afrika Kusini. Akasema jambo hili ni la msingi, na muswada ukianguka Serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Spika wa Bunge lile alikuwa Abdulkarim Karimjee, Mtanganyika mwenye asili ya India. Waliokuwa wakibishana kama watu wa asili yake ni wenzao au si wenzao walilazimika kumwomba yeye ruhusa ya kusema.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ubishi wa upendeleo wa makusudi umepamba moto tena duniani. Mwezi Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vya Harvard na North Carolina havina haki ya kuzingatia rangi ya mwombaji vinapochagua wanafunzi. Tangu hapo nasikia hata kwetu watu wakisema kwamba kumpendelea aliyebaguliwa ni kubagua upya, na kwamba anayeamini binadamu wote ni sawa hana budi kuukataa upendeleo wa kila aina. Maneno hayo yanavutia masikioni. Lakini sisi tuna historia yetu katika jambo hili, na historia hiyo haikubaliani nayo.

Tuwatendee haki kwanza wale wabunge waliopinga. Uchungu wao haukuwa wa kubuni. Dar es Salaam ya mkoloni ilikatwa vipande: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati ya maduka, na Mwafrika akapelekwa Kariakoo na kwingineko. Shule zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na kadiri ngozi ilivyokuwa nyeusi ndivyo fungu la fedha kwa kila mtoto lilivyokuwa dogo. Hospitali nazo ziligawanywa. Hata sanduku la kura halikusalimika: katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba jamii hizo tatu zilikuwa na idadi sawa ya watu. TANU ilikaribia kupasuka pale Tabora, Januari 1958, ilipojadili kama ishiriki uchaguzi wa namna hiyo. Ilipokubali, Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Matunda ya mpangilio huo yalionekana siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba nchi nzima ilianza na madaktari wazalendo 12 na wahandisi 2. Katika nafasi za juu za utumishi wa Serikali, wenyeji walishika kama robo tu.

Sasa msikilizaji, fikiri. Kama Serikali ya uhuru ingetangaza asubuhi ya tarehe 10 Desemba 1961 kwamba kuanzia leo hatutazami rangi, kila mtu aombe kazi na mwenye vyeti bora ashinde, nani angeshinda? Angeshinda yule yule aliyesomeshwa na mkoloni. Ubaguzi ungeendelea kutoa maagizo hata baada ya mbaguzi kupanda meli kurudi kwao. Ndiyo maana Serikali ile ile iliyokataa rangi katika uraia iliitumia rangi, waziwazi, katika ajira. Mwafrika alipewa nafasi kwanza katika kuajiriwa, kupandishwa cheo na kupelekwa masomoni. Rashidi Kawawa, aliyechukua uwaziri mkuu Januari 1962, aliiharakisha kazi hiyo. Mimi naamini walifanya sawa.

Lakini upendeleo ule ulipewa mwisho, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Mwanzoni mwa Januari 1964, Nyerere, sasa akiwa Rais, aliagiza kwamba kuanzia wakati huo wananchi wasitofautishwe kwa rangi katika utumishi wa Serikali. Wasio raia wangeendelea kupisha raia. Lakini raia kwa raia, kila mmoja apimwe kwa uwezo wake. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikasirika. Waliona ni mapema mno, na kwa hesabu ya nafasi za kazi peke yake walikuwa na hoja.

Kilichofuata mwezi huo kinajulikana. Tarehe 12 Serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na watu wengi waliuawa, kundi kubwa likiwa la waliohesabiwa kuwa Waarabu. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito. Walidai mishahara, na walidai maofisa wa Kiingereza waondolewe, Waafrika washike amri ya jeshi lao. Dai la kuongozwa na raia wenzao lilikuwa halali hata kama njia yao ilikuwa ya hatari, kwa kuwa wale maofisa hawakuwa raia. Mitaani mambo yalikuwa mengine. Siku hiyo hiyo makundi yalivunja na kupora maduka ya Wahindi na Waarabu, na roho za watu zikapotea. Hakuna aliyemuuliza mwenye duka kama ana hati ya uraia, wala kama babu yake alikuwa mnyonyaji au mchukuzi wa bandarini. Sura yake ilitosha kuwa hukumu.

Baada ya mwezi kama huo kiongozi dhaifu angelifuta agizo lake ili apendwe. Halikufutwa. Na mwaka 1965, katika uchaguzi mkuu, Amir Jamal, mwenye asili ya India, alisimama Morogoro mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, wakamchagua. Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam. Watu waliokwisha kupewa nafasi yao hawakuhitaji tena kumwogopa jirani.

Tazama jirani zetu wa Uganda walivyofanya. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, akasema anamrudishia Mwafrika uchumi wake. Maduka yaligawiwa, na wanajeshi pamoja na watu wa karibu na utawala wakawa mstari wa mbele kuyapokea. Mkulima wa pamba wa Busoga alipata nini? Alipata rafu tupu dukani. Hatua ya Amin nayo ilijiita haki kwa Mwafrika. Lakini haikumpima aliyenyimwa, haikumfundisha mtu kazi, na ilikusudia kumng'oa mwingine.

Na sisi tusijisafishe sana. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi hata mahali pamoja. Lakini wenye majengo hayo wengi walikuwa raia wenye asili ya Asia, na familia nyingi zilifunga virago zikiamini ndizo zilizolengwa. Naunga mkono shabaha ya kupunguza unyonyaji wa kodi za nyumba. Siungi mkono ukimya wetu juu ya machozi ya wananchi wenzetu wale.

Miaka ya 1990 suala likarudi kwa jina la uzawa, yaani wazawa kutangulizwa katika uchumi. Viwanda na mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na mzawa asiye na mtaji aliona wanunuzi ni wale wale wenye fedha tangu zamani. Hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini wapo waliopanda majukwaani wakaigeuza kuwa matusi dhidi ya Wahindi kwa jumla, akiwemo fundi cherehani wa Kisutu asiye na hisa hata moja. Mjadala ule mrefu ulizaa Sera ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi na sheria yake, mwaka 2004. Walengwa wake ni wananchi. Asili ya mtu haikuwekwa kuwa sharti. Nadhani ni moja ya maamuzi ya busara kuliko yote tuliyowahi kufanya, nasi hatuyasemi hayo vya kutosha.

Katiba yetu nayo imeliona jambo hili. Ibara ya 12 inatamka usawa wa binadamu wote. Ibara ya 13 inapiga marufuku ubaguzi, kisha inaeleza kwamba katazo hilo halitaizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Usawa na upendeleo wa kurekebisha vimekaa katika kurasa hizo hizo, wala havigombani.

Ugomvi huanza pale upendeleo unapogeuka kuwa mali ya mtu. Nichukue viti maalum vya wanawake. Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya idadi ya wabunge wengine. Navitetea, maana bila hivyo Bunge letu lingekuwa baraza la wanaume. Lakini mche wa kahawa hukaa kitaluni chini ya kivuli ili upate nguvu za kupandwa shambani. Ukiachwa humo mwaka hadi mwaka, hauzai, na mche mwingine unakosa nafasi. Mtu akishakaa vipindi viwili katika kiti maalum, aende jimboni akagombee, ampishe msichana wa Kiteto au wa Tandahimba ambaye hajawahi hata kusogelea kipaza sauti. Chama chochote kinaweza kuweka kanuni kama hiyo kikitaka.

Na upendeleo hauponyi peke yake. Mhindi anayemwita mfanyakazi wake wa miaka 20 "boi" anabagua. Mwafrika anayemwambia kijana aliyezaliwa Tanga, kama baba yake na bibi yake, arudi kwao Bombay, naye anabagua. Mzazi anayekataa posa kwa sababu mchumba ni mweusi mno, au ni mweupe mno, anabagua, hata kama atasingizia mila. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa kukiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake, na hayo ni mambo ya sebuleni kabla hayajawa ya Bungeni.

Ndugu msikilizaji, halmashauri yako inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni upendeleo, na ni wa haki. Kaa na diwani wako umuulize ni nani hasa waliopata, walikuwa wamekosa nini kabla ya kupata, na lini wataacha kuhitaji ili wapewe wengine. Akikutajia majina ya jamaa zake, nenda kwenye mkutano wa hadhara ukayaseme hayo mbele ya watu.