Ruzuku ya Umeme Ihesabu Watu, Si Mita

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Nimeombwa niseme juu ya bei ya umeme wa majumbani, na kama ni haki serikali kupunguza au kuondoa ruzuku ya nishati. Huenda wengine mnajiuliza padre anatafuta nini kwenye mita ya LUKU. Jibu langu nalitoa katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Humo Sheria inamwagiza mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa huyo hana kingine cha kujifunika. Tena inamkataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kulichukua ni kuchukua maisha ya mtu. Angalieni vizuri: Sheria haisemi kwamba deni lisilipwe. Inachosema ni kwamba kipo kitu kisichoguswa, hata pale anayedai anapokuwa na haki ya kudai.

Katika miji yetu leo, taa ya mtoto anayejisomea usiku, cherehani ya umeme ya mama mshonaji, friji ya yule anayeuza maji baridi na barafu, hayo ndiyo mawe ya kusagia. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu Rerum Novarum ya 1891 hadi Populorum Progressio ya 1967 na Laudato Si' ya 2015, yanasimama juu ya msingi huohuo: mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya wote, na haki ya mmoja kuimiliki haimfuti mwingine aliyekosa cha lazima.

Tuje sasa kwenye hesabu. Hapa Tanzania Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliruhusu Januari 2012 bei za umeme zipande kwa wastani wa asilimia 40 na zaidi kidogo. Januari 2014 zilipanda tena, kwa wastani wa asilimia 39. Hata hivyo watumiaji wadogo waliwekewa kundi lao. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alipandishiwa kutoka shilingi 60 hadi shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi hizo 75 ikawa shilingi 350. Mwaka 2016 bei ya kundi la kawaida ilishushwa kutoka shilingi 298 hadi 292, na ile ya 100 haikuguswa. Bei hizi zote ni kabla ya kodi na tozo.

Kusudi la kundi hilo la chini ni jema, nami nalisifu. Kwa lugha ya Torati, hapo serikali imelirudisha vazi kabla ya usiku. Lakini vazi hilo limemfikia nani?

Nendeni Manzese, Mbagala au Tandale. Nyumba nyingi za huko ni zile zetu za ukumbi katikati na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku. Kila chumba kina familia, na mita ni moja. Tuseme kila familia inatumia uniti 25 tu kwa mwezi: taa mbili, redio au televisheni ndogo, simu za kuchaji, pasi siku ya Jumamosi. Kwa pamoja ni uniti 150. Nyumba ya namna hiyo haikai katika kundi la wadogo. Huwekwa katika kundi la kawaida na hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Kila familia basi inachangia shilingi 7,300. Sasa mchukueni kijana mmoja mwenye ajira nzuri, anayeishi peke yake katika nyumba yenye mita yake. Anatumia uniti 70, karibu mara tatu ya familia ile, naye analipa shilingi 7,000.

Ndugu zangu, ruzuku hiyo imehesabu mita, haikuhesabu watu. Mwenye watoto wanne katika chumba kimoja anamchangia mseja mwenye sebule. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Lakini kupitia mita dhuluma hutendeka hata bila mwovu kuwapo, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuiona. Sisemi chochote juu ya ugomvi wa kuchangia LUKU, nani ana friji, nani ameficha jiko la umeme chini ya kitanda. Hayo mnayasuluhisha kila wiki kuliko mimi. Tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia mita hiyohiyo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Sheria inamruhusu mpangaji kudai arudishiwe. Ni wangapi wenu mmewahi kumwona anayedai?

Wapo wanaosema ruzuku ziondolewe zote, kwa hoja kwamba huwanufaisha matajiri. Tusiwapuuze, maana wana sehemu ya ukweli. Juni 2022, mafuta yalipopanda duniani kote, serikali yetu ilianza kwa kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kushusha bei. Abiria wa daladala alipata nafuu, ni kweli. Lakini mwenye gari kubwa alipata nafuu mpya kila alipojaza tangi. Ruzuku inayotolewa kwa kila lita au kila uniti bila kuuliza ya nani humpa zaidi anayetumia zaidi. Kuipunguza ruzuku ya namna hiyo si dhambi. Dhambi huanza pale inapopunguzwa kwa wote sawasawa, na kile kilichookolewa kisirudi kwa maskini kwa njia nyingine. Jirani zetu wa Kenya, katika bei zilizoanza Aprili 2023, waliushusha mpaka wa watumiaji wadogo kutoka uniti 100 hadi uniti 30. Kwa kalamu moja, familia ya uniti 40 ikaacha kuhesabiwa kuwa ndogo.

Husemwa pia kwamba bei lazima ilingane na gharama halisi. Sawa, lakini gharama hiyo aliifanya nani? Mkataba wa IPTL ulitiwa sahihi mwaka 1995, nao uliibebesha TANESCO malipo ya uwezo wa mitambo ya Tegeta kila mwezi, umeme uchukuliwe au usichukuliwe. Mwaka 2006, wakati wa ukame, ukaja mkataba wa Richmond, ambao matokeo yake Waziri Mkuu alijiuzulu Februari 2008. Mama wa Mbagala hakuwepo mikataba hiyo ilipoandikwa. Anapoambiwa alipe gharama halisi, ana haki ya kuonyeshwa ni ipi ya kuzalisha umeme na ipi ya makosa ya wakubwa.

Lakini kuzuia bei kwa amri nako si dawa. Mwanzoni mwa 2017 ongezeko la asilimia 8.53 lililokwisha kuidhinishwa lilisitishwa na serikali. Watu walishangilia, nami nafahamu kwa nini. Ila deni la shirika haliondoki kwa kupigiwa makofi. Hurudi kama transfoma isiyobadilishwa na giza la siku tatu. Afadhali mfano wa ile tozo ya asilimia 3 tunayoilipa sote kila tununuapo umeme, ambayo hupeleka nguzo vijijini. Hapo mwenye umeme anamsaidia asiye nao, na njia ya msaada huo inajulikana.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. EWURA inapopokea maombi ya kubadili bei huitisha mikutano ya kutoa maoni, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji. Huko huenda wenye viwanda wakiwa na takwimu, na sisi huenda na malalamiko. Safari hii twende na takwimu. Tuombe uniti 75 zihesabiwe kwa kaya, au mwenye nyumba ya wapangaji arahisishiwe kuweka mita ndogo kwa kila chumba. Kila Jumuiya itapewa karatasi yenye safu tatu: idadi ya kaya zinazotumia mita moja, uniti zilizonunuliwa kwa mwezi, na fedha iliyolipwa. Jina la mtu lisiandikwe, wala namba ya mita. Wasio Wakatoliki katika nyumba hizo nao wahesabiwe, kwa kuwa giza halibagui dini. Kina mama wa WAWATA wamekubali kuwasaidia wasioweza kuandika. Karatasi zirudi kwa katibu wa parokia baada ya miezi mitatu, maana mwezi mmoja hautoshi: mwezi wa sikukuu pasi hufanya kazi zaidi.