Kinanda Cha Mkimbizi



Sisi wakazi wa kisiwa cha Mombasa tukiulizwa juu ya mwaka 1593, jibu letu ni moja: ndipo Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu, pale ukingoni mwa Mji wa Kale. Tena tangu 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa gereza. Basi leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyefungwa mwaka uo huo wa 1593, mbali na hapa, mjini The Hague katika nchi ya Uholanzi.

Huyo ni Peter Philips, Mwingereza, mpiga kinanda. (Wazee wetu wa pwani wakisema kinanda hukusudia kile cha nyuzi. Watu wa kanisani tuliliazima jina, tukakipa chombo cha kubonyeza kwa vidole. Ndicho tunachokisema hapa.) Utotoni aliimba katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Siku zile za Malkia Elizabeth, kusali Kikatoliki Uingereza kulikuwa hatari. Mwaka 1582 Philips akaiacha nchi yake, akaenda Roma, akapokewa katika chuo cha Waingereza wakimbizi, akawa mpiga kinanda wao. Wala tusidhani ubaya ulikuwa wa upande mmoja. Antwerp, alikohamia mwaka 1590 na kujipatia riziki kwa kufundisha watoto kinanda, ni mji ambao Waprotestanti wengi walikuwa wameuhama kwa ajili ya imani yao.

Mkimbizi habebi kabati. Philips alikuwa na vidole vyake tu, na muziki wa London ulikuwa humo.

Mwaka 1593 akafunga safari hadi Amsterdam, akamwone na kumsikia Sweelinck, mpiga kinanda mashuhuri wa huko. Hapa ndipo tunapostaajabu. Amsterdam ulikuwa mji wa Waprotestanti, na misa ya hadharani ilikuwa imekatazwa tangu 1578. Mtu aliyepoteza nchi kwa ajili ya misa anakwenda kuketi mji huo, asikilize!

Akirudi, akakamatwa, akashtakiwa kula njama dhidi ya Malkia. Ushahidi haukupatikana, akaachiliwa. Yasemekana kwamba humo kifungoni ndimo alimotunga Pavana Dolorosa, yaani pavana ya huzuni. Na pavana ni muziki wa mwendo wa pole. Leo imo katika kitabu kikubwa cha maandiko ya mkono, chenye nyimbo karibu 300, kilichoko Cambridge, katika nchi ile ile aliyoikimbia. Naye Sweelinck alichukua pavana nyingine ya Philips, akaipamba kwa namna yake. Wimbo wa Mkatoliki ukapata nyumba Amsterdam.

Mombasa nayo imepokea wakimbizi. Tangu 1991 watu wa Barawa, wakikimbia vita vya Somalia, walifika hapa kwetu. Kwao ni mji wa tenzi za dini, kama zile za Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919. Mgeni wa namna hiyo tukimpa unga tumefanya jema. Lakini je, ndugu msikilizaji, umemwuliza anaimba nini?

Philips alifika Brussels mwaka 1597, akawa mpiga kinanda wa mtawala Albert. Alifariki mwaka 1628, ugenini.

Sasa tunyamaze. Fundi wetu wa mitambo anatuwekea Pavana Dolorosa.