Vikombe vya Majina: Oda Kwanza, Mashine Baadaye

Wengi mmetuuliza juu ya hii biashara ya kuchapa majina na picha kwenye vikombe. Ni kazi ya nyumbani, ndiyo, lakini pesa za chama zisikimbilie mashine.

Tuelewe kwanza inavyofanyika. Picha huchapwa kinyume kwenye karatasi kwa wino maalum. Karatasi inazungushiwa kikombe, halafu mashine ya joto inakibana kwa nyuzi 180 hadi 200, dakika 3 hivi. Wino unageuka mvuke na kushika. Sasa, si kikombe chochote. Ni kile kilichopakwa dawa yake kiwandani. Hiki chetu cha chai hakishiki rangi, hata ukichome siku nzima. Tena printa ikikaa sana bila kazi, wino hukauka ndani na kuiziba. Hapo ndipo kikundi kinaweza kuumia, maana oda za kijijini ni za msimu: Desemba harusi, Januari kimya.

Kwa hivyo tunashauri hivi. Chukueni oda, na nusu ya malipo mkononi. Kazi mpeleke kwa mchapaji wa mjini, mwongeze faida yenu. Andikeni kila oda kwenye daftari miezi 6. Hesabuni nauli, boksi, na vikombe vitakavyoharibika kwa jina kukosewa (Wanjiku na Wanjiru si mtu mmoja!). Daftari likionyesha oda kila wiki, hapo mtuite tuzungumze mambo ya mashine.