Laptopu Kuukuu Pia Ina Haki ya Siri



Leo nazungumza na nyinyi wenye laptopu za mtumba, zile umerithi kwa kaka yako, ukaweka Ubuntu 18.04 na maisha yakaendelea.

Hebu nikuulize. Ukiandika jina la tovuti, nani wa kwanza kujua? Si hiyo tovuti. Kompyuta haijui majina, inajua nambari, kwa hivyo inauliza kwanza seva ya DNS: fulani anakaa wapi? Swali hilo kwa kawaida linapita mlango nambari 53 likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwenye waifai ya saiba analisoma, kampuni inayokuuzia bando pia. Kile kikufuli cha kwenye brauza hakilindi swali hili.

Utasema huna cha kuficha. Sawa. Lakini dada anayetafuta kliniki, ama kijana anayetafuta wakili, amekosa nini hata mtu wa saiba ajue? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinataja faragha ya mawasiliano. Ni haki yako tayari, wacha tuitumie.

Mwaka 2016 ulitoka utaratibu wa kufunga maswali hayo ndani ya TLS, kupitia mlango 853. Sasa, Ubuntu 18.04 ina systemd toleo 237, na uwezo huu uliingia toleo 239. Umekosa kwa matoleo mawili tu! Basi tunaweka programu ndogo inaitwa Stubby.

Fungua terminali, andika sudo apt install stubby. Kisha fungua faili /etc/stubby/stubby.yml kwa sudo nano. Utakuta orodha ya seva. Zile hutaki, weka alama ya # mwanzo wa mstari. Mimi nimebakisha Quad9: address_data ni 9.9.9.9, na tls_auth_name ni "dns.quad9.net". Usisahau hilo jina, ndilo linalohakikisha unaongea na mwenyewe, si mtu amejifanya. Na nafasi za mwanzo wa mistari uziache zilivyo, usitumie kitufe cha Tab, faili hii ina madeko. Halafu sudo systemctl restart stubby.

Bado laptopu haijui imuulize Stubby. Ingia mipangilio ya waifai yako, upande wa IPv4 zima DNS ya otomatiki, andika 127.0.0.1. Upande wa IPv6 pia zima ile ya otomatiki, maana wengi huvujia hapo. Katiza waifai, unganisha tena.

Usiniamini mimi, hakikisha. Andika sudo tcpdump -i, jina la kadi yako ya waifai, kisha port 53. Fungua tovuti kadhaa. Kukiwa kimya, umefaulu. Badilisha iwe port 853, utaona mambo yakitembea.

Sasa lililonitesa mimi siku nzima. Laptopu yangu betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa, kila nikiwasha inarudi miaka ya nyuma. Cheti cha seva kikionekana hakijaanza kutumika, Stubby inakataa. Na saa haiwezi kujirekebisha mtandaoni, kwa sababu kutafuta seva ya saa kunahitaji hiyo hiyo DNS! Nikaweka tarehe kwa mkono na sudo date -s, baadaye nikanunua betri.

Pia waifai za hoteli zenye ukurasa wa kuingilia zitakusumbua. Rudisha DNS ya otomatiki, ingia, kisha urudi kwa 127.0.0.1.

Na tusidanganyane, hii si VPN. Kampuni ya intaneti bado inaona nambari ya seva unayoitembelea, na mara nyingi hata jina la tovuti wakati muunganisho unapoanza. Quad9 nao wanaona maswali yako, umehamisha imani tu kwa unayemchagua. Isitoshe, 18.04 ilimaliza muda wake wa kawaida wa marekebisho ya usalama mwaka 2023, kwa hivyo kama mashine inabeba toleo jipya, anza na hilo.

Ukikwama, tuma ujumbe hapa chini na uandike kile systemctl status stubby imekuambia, tuangalie pamoja.