Neno Bila Sentensi Halitoshi

Msikilizaji, leo mtu huazima jembe kwa jirani, kesho akamwazima jirani ndoo. Neno ni lilelile. Kiingereza kina mawili: "borrow" ni kuchukua kitu cha mtu kwa muda, "lend" ni kumpa mtu kitu chako kwa muda.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba "borrow" ni kuazima, basi, ndiye anayeandika "borrow me your pen". Si uvivu. Alipewa tafsiri, hakupewa sentensi.

Daftari lipo? Andika neno. Andika maana yake. Kisha tunga sentensi yako: "I borrowed a hoe from my neighbour." Hapo "from" imejionyesha yenyewe.

Neno, maana, sentensi. Isome kwa sauti. Kesho ifunike, uitunge upya.